Shukrani kwa kaka fundi wa Lushoto

Kaka uliyenikuta kando ya barabara pale Lushoto, asante sana. Pikipiki yangu ndogo ya tustroki (injini ya mipigo miwili) ilipanda kutoka Mombo ikikohoa moshi, ikazima. Plagi imelowa, nyeusi tii. Hukukimbilia kuniuzia plagi mpya. Ulinieleza kwamba huku juu hewa ni nyepesi, hivyo petroli inazidi. Ukafungua kabureta, kifaa kinachochanganya hewa na petroli, ukapandisha klipu inayoshika sindano yake ngazi moja ili sindano ishuke, petroli ipungue. Injini ilipopata moto ukalegeza skrubu ya hewa robo kwa robo ili hewa iongezeke, ukisikiliza, mpaka mngurumo ukatulia. Ukanituma nizunguke, ukachomoa plagi tena: kahawia, yaani mchanganyiko uko sawa! Hela ukakataa. Mafundi wengine, mwelezeni mteja hivyohivyo. Nikishuka Mombo, kwenye hewa nzito, klipu nairudisha, kama ulivyonionya, petroli isipungue mno nikaunguza pistoni.