Kwa rafiki yangu, kuhusu baiti zinazopotea

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Barua yako imenifikia, na nimefurahi kusikia kwamba mita yako ya tangi la maji sasa inatuma vipimo kwa mtandao wa simu. Umeniuliza kwa nini majibu ya moduli ya GSM (kifaa kinachounganisha mita na mtandao wa simu) yanafika yakiwa na mapengo, hata baada ya kushusha kasi kutoka biti 115200 kwa sekunde hadi 9600. Swali hilo nalijua vizuri, maana liliwahi kuninyima usingizi.

Kila baiti husafiri na biti ya kuanzia na ya kumalizia, jumla biti 10, kwa hiyo kwa kasi ya 9600 huchukua takriban milisekunde 1. STM32F103 yako, yaani mikrokontrola (kompyuta ndogo ya chipu moja) inayoendesha mita, hushika baiti moja tu kwenye rejista ya data (nafasi ndogo ya kupokelea) huku nyingine ikiingia. Hiyo ya pili ikikamilika kabla ya programu kuisoma ya kwanza, inayofuata haina pa kukaa, na alama ya ORE (overrun error, yaani kosa la kufurika) huwaka. Wewe unahifadhi vipimo kwenye flashi (kumbukumbu isiyofutika umeme ukizimwa) ileile inayobeba programu, na kufuta ukurasa mmoja wa flashi huchukua milisekunde 20 hadi 40, muda ambao programu husimama kabisa. Katika milisekunde 40 hupita baiti kama 38 kwa kasi ya 9600, na kama 460 kwa 115200. Ndiyo maana kushusha kasi kumepunguza hasara bila kuiondoa: mpokeaji bado hana njia ya kusema "subiri".

Njia hiyo ni waya mbili za ziada: RTS (request to send), ambayo mpokeaji huiendesha, na CTS (clear to send), ambayo mtumaji huisoma kabla ya kutuma. Volti ikiwa chini ni ruhusa, ikipanda ni amri ya kusimama. Majina yake yanachanganya kwa sababu yametoka enzi za modemu, RTS ilipokuwa ombi la kutuma. Siku hizi kwa mikrokontrola RTS inamaanisha "niko tayari kupokea". Kati ya mikrokontrola mbili waya hizi hupishana (RTS ya moja huenda kwa CTS ya nyingine), lakini moduli nyingi za GSM hufuata majina ya modemu, kwa hiyo RTS huenda kwa RTS na CTS kwa CTS. Kisha itumie moduli amri ya AT+IFC=2,2, inayowasha udhibiti huo, la sivyo moduli haitazijali waya hizo.

Kwa USART2, mojawapo ya milango ya mawasiliano ya STM32F103, CTS ni pini ya PA0 na RTS ni pini ya PA1. Ningekushauri PA1 uiendeshe mwenyewe kama pini ya kawaida, upokee kwa DMA (sehemu ya chipu inayohamisha data bila kuisubiri programu) kwenye bafa, yaani hifadhi ya muda, ya baiti 512, na uipandishe volti ya PA1 bafa ikifika baiti 384, kwani mtumaji huweza kuachia baiti kadhaa zaidi kabla ya kusimama. Muhimu kuliko yote, ipandishe PA1 kabla ya kufuta flashi, subiri milisekunde chache, futa, ndipo uishushe.

Usiiache CTS ikielea, yaani bila kuunganishwa na chochote. Mimi niliwahi kuiwezesha kwenye programu huku waya umechomoka, na bodi ikanyamaza siku mbili bila kosa lolote kuonekana, mpaka nilipoigusa pini kwa kidole na herufi mbili tatu zikatoka. Weka rezista ya kilo-ohm 10 kutoka CTS kwenda graundi.

Kabla ya kubadilisha chochote, hesabu ORE kwa siku nzima na uiandike namba hiyo, kisha unitumie pamoja na ile utakayoipata baadaye. Wasalimie wote nyumbani.

Wako akupendaye.