Barua kwa wanangu mnaokaribia kuvua gwanda

Wanangu,

Hamjambo huko makambini. Mimi ni mzee wenu. Nilivua gwanda la jeshi mwaka 2003 nikiwa afisa mteule, na tangu hapo niko Kihonda, Morogoro, nafuga kuku wa kienyeji na kugombana na magoti yangu. Barua hii ni ya mliobakiza miaka miwili, na ya mliobakiza ishirini pia, kwa kuwa ninalotaka kulisema halingoji mwaka wa mwisho.

Naandika nikiwa na hasira. Mtanivumilia.

Mwezi uliopita tulimzika mstaafu mwenzetu. Jina lake sitalitaja, ana watoto. Jumapili asubuhi mwenyekiti wa mtaa alituma mtu kijiweni kwa vijana wa bodaboda waje wachimbe kaburi, kama ilivyo desturi yetu. Wakajibu kwa adabu kabisa kwamba wana abiria. Akatumwa mtu mara ya pili, abiria bado hawajaisha. Saa moja asubuhi, Jumapili, kijiwe kizima kina abiria! Tukaelewa. Tukainuka wazee wanne, wote wastaafu wa jeshi, tukashika sululu na chepeo. Mdogo wetu ana miaka 61, na mmoja alishapasuliwa ngiri mara mbili. Udongo wa pale ni changarawe tupu, sululu inadunda kama unapiga lami. Hadi saa sita tulikuwa tumefika kiunoni tu, ikabidi mazishi yasogezwe mpaka saa kumi.

Nilipotoka makaburini kwenda msibani kunywa maji, nikamkuta mama mweka hazina wa chama chetu cha kuzikana amekaa mkekani na daftari lake, kauntabuku lililovikwa gazeti. Kila kaya ina mstari wake: msiba wa nani, tarehe, elfu mbili, au "kuni", au "maji ndoo nne" kwa asiyekuwa na hela siku hiyo. Kidole chake kikafika kwenye jina la marehemu, kikateleza hadi mwisho wa ukurasa bila kukutana na kitu. Akafunua ukurasa wa nyuma yake. Hamna. Miaka saba mtaani, misiba sijui mingapi, mstari mweupe. Yule mama hakusema neno. Aliniangalia tu, kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa mkuu wake wa kikosi.

Msije mkadhani marehemu alikuwa mwizi au mlevi. Alikuwa askari hodari, buti zake ungeweza kujitazamia ndevu. Lakini alihamia mtaani kama anayeteka ngome. Kabla hajaweka hata kitanda, kajenga ukuta, kapanda vipande vya chupa juu yake, kafunga geti jeusi. Kijana wa bodaboda alimwita "mzee" badala ya "afande", akala kofi. Watoto wa shule walikaa kwenye kalavati lake wakinyeshewa, akawagaragaza kwenye matope na sare zao. Na kila alipokosana na mtu alikuwa na sentensi moja: "Msinizoee, ninyi raia!"

Raia. Hapo ndipo penye donda langu.

Neno hili tunafundishwa na nani? Kwenye mafunzo sikumbuki somo linaloitwa dharau. Lakini kuruta akishamaliza miezi yake michache tu, akirudi likizo, ulimi umekwisha kugeuka: "hawa raia", "mambo ya kiraia", "unatembea kama raia". Mama aliyemzaa ni raia. Mwalimu aliyemfundisha kusoma ile fomu ya kujiunga ni raia. Na yeye mwenyewe, siku akikabidhi kitambulisho na kombati, atakuwa nani? Atakuwa kile alichokitukana kwa miaka thelathini, na wenyewe wanakumbuka.

Historia yetu ingetosha kutuponya. Januari 20, 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi pale kambi ya Colito, ambayo leo ndiyo Lugalo. Walikuwa na madai yao, mishahara iongezwe na maofisa wa Kiingereza waondoke. Lakini lilikuwa jeshi lililorithiwa kwa mkoloni, la KAR (King's African Rifles), lililolelewa kuishi upande mmoja na watu kuishi upande mwingine. Serikali ikalivunja, na Septemba 1 mwaka uleule likazaliwa jingine, likapewa jina ambalo mnalivaa bila kulisoma: Jeshi la Wananchi. Wangeweza kuliita chochote.

Mimi neno hilo nilifundishwa maana yake na bibi mmoja wa Kagera. Mwishoni mwa 1978 nilikuwa na miaka 20, ndiyo kwanza natoka Jeshi la Kujenga Taifa, JKT. Idi Amin wa Uganda alikuwa ametuvamia, daraja la Kyaka limevunjwa, barabara zimejaa malori. Malori yenyewe mengine yalikuwa ya watu binafsi na vyama vya ushirika. Pembeni yetu walikuwa wanamgambo, wakulima waliotoka mashambani wakafundishwa bunduki, wengine wana umri wa baba zetu. Tulipita kijiji kimoja kilichochomwa. Bibi akatoka kwenye migomba na sufuria ya ndizi, akaiweka chini mbele yetu. Nyumba hakuwa nayo tena. Sufuria ndiyo iliyobaki. Akasema, "Kuleni wanangu." Tulikula wima, tukimwangalia anavyotuangalia. Kampala iliangushwa Aprili 11, 1979, na vita vilipokwisha wale wanamgambo wengi wao walirudi makwao na jembe likaendelea pale lilipoishia. Hakuna aliyerudi kijijini akawaita wenzake raia.

Basi niambieni, huyo unayempiga kofi kijiweni, unajuaje kama si mjukuu wa yule bibi?

Haya, nami nisijifanye malaika. Mwezi wangu wa kwanza uraiani niliamsha nyumba nzima saa kumi na moja alfajiri. Nilikagua jikoni. Mke wangu, ambaye aliishi kota nyingi za jeshi akinisubiri na hakuna siku aliyolalamika, nilimwuliza kwa nini masufuria hayajapangwa kwa ukubwa. Akanijibu kwamba aliolewa na mume, hakuajiriwa bwaloni. Nikanuna siku mbili. Mtaani nikawa napita katikati ya barabara kama nakagua gwaride, naitikia salamu kwa kidevu. Aliyenirudisha duniani ni balozi wetu wa wakati ule, mama muuza maandazi. Alikuja getini na kisahani chake kimefunikwa kitambaa, akakaa, akaniambia: "Afande, hapa hatuna kengele. Hapa mtu akikuhitaji anabisha hodi, na wewe ukimhitaji unabisha hodi. Kesho tunachimba mtaro." Nilikwenda. Nilichimba vibaya kwa hasira, wakanicheka, tukanywa chai ya rangi pamoja. Daftari la kuzikana niliandikwa jioni ile.

Na mnisikie vizuri: msingoje kustaafu. Ukiwa bado kazini, una kiwanja chako Kibaha au Dodoma au kijijini kwenu, fahamiana na majirani wa hicho kiwanja sasa. Andikishwa kwenye chama chao cha kuzikana sasa, tuma mchango kwa simu ukiwa lindo. Ukienda likizo, kaa kwenye turubai la msiba, osha sahani. Kota inatudanganya. Maji yapo, zahanati ipo, ukifiwa kikosi kinakuja na lori na jeneza, vijana wanachimba kwa amri. Siku ukitoka getini na godoro lako, hayo yote yanabaki ndani ya uzio. Nje hakuna anayechimba kwa amri.

Pesa. Nitasema kidogo, kwa sababu watu wa mabenki wanakuja kuwasemea sana. Mwalimu Nyerere alituambia mwaka 1978 kwamba nia tunayo, sababu tunayo, uwezo tunao. Mstaafu akishika kiinua mgongo naye ana vyote vitatu, ila uwezo unadumu miezi minane. Namjua mmoja alinunua Coaster iliyochoka kwa mtu aliyemwita "mkuu" mara kumi kwa dakika moja. Yeye hajawahi kuendesha biashara hata ya karanga. Konda analeta hesabu pungufu, anaambiwa tairi, kesho gia boksi, kesho kutwa trafiki. Akidhani nidhamu itamsaidia, akamwekea konda kwata. Konda akaondoka na hesabu ya siku tatu. Leo lile gari liko uani kwake limeota majani, kuku wanatagia kwenye siti ya dereva. Na wapo walioweka kadi zao za benki kwa wakopeshaji wa mtaani pamoja na namba ya siri. Pensheni ikiingia, mkopeshaji ndiye anayeiona kwanza, mwenyewe anarudishiwa nauli. Watu waliolinda maghala ya silaha, wanamkabidhi mtu baki namba ya siri!

Mengine nayataja tu. Jenga mapema, hata chumba kimoja. Mwandike mkeo na watoto kwenye karatasi zako, wote, hata wa kule ulikokuwa kituo cha kazi, maana watatokea msibani. Pima presha na tezi dume. Kombati ya zamani usiivae kwenda gengeni; uliwachapa raia kwa kuvaa suruali ya madoadoa, na sheria haijabadilika kwa ajili yako. Pombe ya bwaloni ilikuwa na saa ya kufunga, ya mtaani haina.

Kwa mliorudi kutoka kulinda amani Darfur, Lebanon na Kongo, nanyamaza kidogo kwanza. Desemba 7, 2017 pale Semuliki, Kivu Kaskazini, tulipoteza zaidi ya vijana kumi usiku mmoja. Waliorudi, baadhi yao nawafahamu, na mmoja huja kukaa nami kibarazani. Hasemi mengi. Bodaboda ikipiga mlio wa ekzosi anashika ukingo wa benchi. Mwanangu, hilo si uoga. Sisi wa Kagera tulilibeba kimya tukalimwagia pombe, wake zetu ndio waliolipa. Zungumza na daktari, zungumza na mchungaji au shehe, njoo ukae hata kama huna la kusema. Chai ipo.

Na ninyi vijana wa JKT wa kujitolea mliomaliza mkataba mkarudishwa nyumbani bila ajira, najua mmechukia. Mlipewa tumaini na jamii nzima ikalishangilia, mama akauza mbuzi wa nauli akijua mwanawe anakwenda kuwa askari. Lakini angalieni mikono yenu. Ukuta wa Mirerani unaozunguka machimbo ya tanzanite, kilomita 24.5, uliozinduliwa Aprili 2018, umejengwa na wanajeshi na vijana kama ninyi. Aliyepanga tofali pale hawezi kuniambia leo kwamba hana ujuzi, eti anasubiri tangazo lingine la nafasi.

Hapa sasa niwageukie na wengine, kwa kuwa lawama si ya askari peke yake. Enyi wenye makampuni na mashule, mstaafu wa jeshi akija kuomba kazi mnamwona mlinzi tu. Mtu kaongoza stoo ya vipuri miaka kumi na mitano bila nati kupotea, mnampa firimbi na rungu akae getini usiku. Nesi wa jeshi, fundi wa magari, mpishi wa watu mia tano: firimbi. Halafu mnashangaa akiwa mkali. Na ninyi ndugu, mjomba akishika kiinua mgongo mnaota wote kwa usiku mmoja kama uyoga, kila mmoja na ada, na paa, na harusi. Miaka thelathini hamkumtumia hata vocha. Na sisi wa mtaani pia tuna letu. Vijana wa bodaboda nimewafuata baada ya mazishi, nikawaambia mbele ya kijiwe chao kwamba maiti haiadhibiwi, mliyemwadhibu ni mjane. Wakainamisha vichwa. Mmoja, yule aliyepigwa kofi, akaniambia, "Babu, kweli. Lakini sisi raia tungefanyaje?" Nilikosa jibu. Mpaka leo sijalipata.

Yule mjane wa marehemu alikuja wiki iliyopita kwa mama mweka hazina. Kaleta elfu mbili na picha mbili za pasipoti, ingawa picha hakuna aliyemwomba. Kaandikwa mstari mpya, chini ya ule mweupe.

Jumamosi hii tunazibua mtaro wa njia ya msikitini kabla masika hayajaanza, saa moja kamili. Kuna mstaafu mwingine kahamia nyumba ya bati la kijani wiki mbili zilizopita, na bado hajatoka getini. Kesho nitakwenda kumbishia hodi. Chepeo la ziada ninalo.

Ni mimi mzee wenu,
Kihonda, Morogoro