Risala ya kikundi cha wanafunzi wa botania kwa mgeni rasmi

Ndugu Mgeni Rasmi, shikamoo na karibu sana. Tunajua ratiba yako imebana, kwa hiyo historia tunaipitia mbiombio.

Sisi tunashughulika na Karomia gigas, mti wa ukoo mmoja na mtiki na mrihani. Kenya uliokuwa unajulikana ulikatwa, watu wakaamini umeshatoweka duniani, 1993 ukaonekana huku kwetu Tanzania, msitu wa Mitundumbea, halafu 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakaukuta tena Kilwa, miti ya kuhesabu kwa vidole. Mbegu zenyewe zinaota kwa shida na fangasi wanazishambulia.

Mafanikio yetu ni makubwa mno: tumetoa DNA, yaani maandishi ya urithi, kwenye majani makavu, tumeiona kwa macho yetu kwenye jeli ya kutenganishia vipande vyake, na kila mwanachama sasa anashika pipeti, kile kifaa cha kupimia matone, vizuri kabisa.

Sasa jambo lenyewe, Mgeni Rasmi, ni friza.

Tunataka kusoma jenomu ya mitokondria ya huu mti, yaani DNA yote iliyomo kwenye vile viwanda vidogo vya nishati ndani ya seli. Ya binadamu ina herufi 16,569 tu, ila ya mimea mara nyingi inafika laki kadhaa na imejaa sehemu zinazojirudia, yaani kama shairi lenye kibwagizo kilekile kila ubeti, ukipewa vipande vifupi hujui hiki ni cha ubeti upi. Lazima DNA iwe ndefu, na DNA ndefu inataka majani mabichi yaliyogandishwa mapema yakakaa nyuzi 80 chini ya sifuri. Sisi tuna friji ya kawaida, umeme ukikatika usiku asubuhi tunakuta DNA vipandevipande. Na mitokondria kwenye mimea mingi inarithiwa kwa mama, kwa hiyo ingetusaidia kujua miti iliyobaki ina akina mama wangapi kabla hatujachelewa kuchukua mbegu.

Mgeni rasmi wa mwaka juzi, tunamheshimu sana, alisema friza iko njiani. Tulipiga makofi, tukapaka chumba rangi, tukavuta waya. Wa mwaka jana akasema ameshaongea na wahusika. Chumba kipo mpaka leo, kitupu, na kiukweli inatuuma, sababu miti haitusubiri.

Tunaomba friza moja na betri ya kuishikilia umeme ukikatika. Na tunaomba kwa unyenyekevu, kabla hujapanda gari, utuachie jina la mtu wa kumfuatilia, namba yake na tarehe.

Naomba kuwasilisha.