Safari Rally na watoto, someni kabla ya Jumamosi

Wazazi wenzangu habarini, kwa wale tunaopeleka watoto Naivasha kutazama mbio hizi za magari mara ya kwanza tafadhali tutoke kabla jua halijachomoza, foleni ikishashika mtoto anachoka hata gari la kwanza hajaliona. Vumbi la Kedong, moja ya sehemu magari yanapopita mbio, jamani si mchezo, lile la fesh-fesh ni laini kama unga na gari likipita humwoni hata aliye kando yako, kwa hivyo barakoa na miwani kwa kila mtoto, na vya kuziba masikio, wenye pumu mniambie mapema. Waelezeni pia magari hayaji pamoja, yanaachiwa moja moja kila baada ya dakika kadhaa, hapo katikati ni kungoja tu. Mkisikia helikopta basi wale wa mbele wamekaribia, shika mtoto mkono. Upande wa nje wa kona hatusimami kabisa, gari likiteleza linaenda hukohuko, na wasimamizi wakisema rudini nyuma tunarudi bila maneno. Baadaye tutapita pale magari yanapofanyiwa sevisi, kule watoto wanaona mafundi wakifungua magurudumu kwa karibu, mimi ndio napapenda zaidi. Walio na babu nyumbani waulizeni, mbio hizi zipo tangu 1953, atawasimulia.