Kujaza chombo kupita kiasi nako ni kuua

Mhariri,

Makanisani hapa Mwanza tunahubiriwa kwamba uhai ni wa Mungu, na mara nyingi mahubiri huishia kwenye utoaji mimba. Sawa. Lakini meli ya MV Bukoba ilizama Ziwa Victoria Mei 21, 1996, na kivuko cha MV Nyerere kikapinduka karibu na kisiwa cha Ukara Septemba 20, 2018, vyombo vyote viwili vikiwa vimebeba watu kupita uwezo wake. Kumbukumbu la Torati 22:8 inamwagiza mwenye nyumba ajenge ukuta ukingoni mwa dari (paa), mtu asije akaanguka na damu ikawa juu ya nyumba hiyo. Wengi wa wenye mitumbwi ya abiria ni waumini wenzetu (wengine wazee wa kanisa!). Wachungaji na mapadri wawaulize idadi ya majaketi okozi kabla ya kupokea sadaka zao.

Msomaji,
Ilemela, Mwanza