Mmefyeka mpaka jiwe, jamani?

Mhariri salamu. Mimi msomaji wenu wa siku nyingi hapa Ngamiani, Tanga, leo nina la kwangu na wala sio la siasa.

Mwezi uliopita nilipanda na wanangu wawili kilima kimoja kule juu ya Muheza, Usambara Mashariki, njia ya miguu tu ya kijijini, na hatukufika mbali maana yule mdogo kila hatua mbili kashachuchumaa. Mara kifauongo, anakigusa kinajikunja anacheka, mara jongoo kajiviringisha. Kwenye mchungwa uliojiotea kando ya njia (Muheza machungwa hadi porini bana) nikaona kitu nikajua mavi ya ndege, kumbe kiwavi! Mwenzake mkubwa wa kijani nilipomchokoza na kijiti akachomoa vipembe viwili vya rangi ya chungwa kichwani na harufu kali hiyo, watoto mbio. Ndio huyo anakuja kuwa kipepeo mkubwa mweusi na njano.

Ila kilichotukalisha karibu nusu saa ni maji moto, wale sisimizi wa mitini. Wengi tunawajua kwa kutuchoma tukipanda mwembe, basi. Hawa walikuwa wanashona nyumba, wamejipanga mstari, miguu jani hili meno jani lile, wanavuta kingo zikutane, halafu wengine wanakuja wamebeba mabuu yao mdomoni, wanayapitisha huku na huku na buu linatoa uzi. Yaani sindano ni mtoto mwenyewe! Na wenye minazi waulizeni, mnazi wenye maji moto wale wadudu wanaofyonza vidaka hawapati nafasi.

Chini kidogo, kwenye jiwe lenye kivuli na unyevu, palikuwa na lile ua dogo la zambarau, Saintpaulia, ambalo huko Ulaya wanalifuga kwenye vikopo madirishani. Lilitoka huku huku Tanga, Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire ndio alilichukua mwaka 1892. Mwanangu mkubwa alibisha njia nzima.

Juzi nikarudi na shemeji yangu nikamuoneshe. Pamefyekwa! Hatua kama nne kila upande, eti kuna wageni wanakuja njia ionekane safi. Vichaka chini, vile viota vya majani vimekauka rangi ya tumbaku, jiwe liko juani na ua limebaki na majani mawili yamesinyaa. Kinachochipua kwa raha zake ni lantana, ambayo hata sio ya kwetu, asili yake Amerika, na ukiikata juu juu inarudi na matawi mengi kuliko mwanzo. Shemeji akaniuliza sasa umenipandisha mlima nione nini, sikuwa na jibu.

Sikatai kufyeka, nyoka wapo na mama mwenye ndoo kichwani lazima aone anapokanyaga. Lakini upana wa mtu na mzigo wake si unatosha? Mwenye fyekeo aambiwe akifika kwenye mawe ya kivulini apaache, na kama mikono inamuwasha aanze na hiyo lantana, aing'oe na mizizi yake. Na hao wageni wenyewe sijui walikuja kuangalia nini, udongo?

Msomaji wenu,
Ngamiani, Tanga