Miarobaini yetu inakufa kwa panga na waya, sio kwa jua

Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako niongelee hii miarobaini ya barabarani hapa Tanga, inakauka mmoja baada ya mwingine halafu watu wanasema jua kali, wengine mchwa. Mimi ninayoiona mingi imechunwa gome kuzunguka shina lote kwa ajili ya dawa, mingine imefungiwa matangazo kwa waya na waya ukaachwa hapo miaka na miaka.

Shida ni kwamba mti ukichunwa leo haufi leo. Unaweza kukaa miezi uko kijani kabisa, ndo maana aliyechuna anaamini hajaharibu kitu. Maji na madini ya udongoni yanapanda kupitia mirija iliyoko ndani, kwenye mbao yenyewe, wataalamu wanaiita zailemu, na yanavutwa kutokea juu, yaani jua likipiga majani maji yanatoka kama mvuke na yanayotoka yanayavuta ya nyuma yake mpaka huko mizizini. Panga halikufika huko ndani kwa hiyo majani yanaendelea kunywa. Ila sukari inayotengenezwa na majani ina njia yake nyingine, floemu, na hiyo iko kwenye gome la ndani lile laini lenye majimaji, ndo hilohilo linaloondoka na gome. Ukilitoa duara zima mizizi haishushiwi chakula tena, inakula akiba yake mpaka inaisha, na mzizi bila sukari hauna nguvu ya kuingiza madini, naitrojeni, fosforasi, potasiamu, wala kuotesha vinyweleo vipya vya kunyonya maji. Hapo sasa ndo majani yanapukutika, na mchunaji kashasahau kitambo.

Hili sio jambo jipya, karne ya 17 huko Italia Marcello Malpighi alichuna gome kwa mtindo wa pete akaona sehemu ya juu ya pete inavimba. Na wala huhitaji maabara, tafuta mti wowote uliobanwa na waya muda mrefu uangalie, juu ya waya shina limevimba na gome limeanza kuumeza waya, chini yake shina ni jembamba. Ule uvimbe ni chakula kilichokuwa kinaenda mizizini kikakwama hapo.

Najua kuna watakaosema mbona mnazi unakatwa vidato vya kupandia na haufi. Ni kweli, lakini mnazi haukujengwa hivyo, mirija yake imetawanyika shina zima kwa mafungu madogomadogo, ukikata pembeni mingine mingi inabaki inafanya kazi. Na tembo lenyewe linalogemwa kwenye karara ni ile sukari ya floemu ikiwa safarini, ndo maana likitoka tu ni tamu. Mbuyu nao unachunwa kamba na gome linarudi, ila ni miti michache sana yenye uwezo huo, mwarobaini usiufananishe nayo. Hata ule mti wa milimani, Prunus africana, ambao gome lake linapelekwa Ulaya kutengeneza dawa ya tezi dume, biashara yake ilibidi iwekewe masharti ya kimataifa tangu 1995 maana ulikuwa unachunwa hadi unaisha.

Ndugu zangu mnaotafuta dawa, naombeni sana, kama majani yanatosha chumeni majani, na kama lazima gome toeni kipande chembamba cha kwenda juu, upande mmoja tu, msizungushe. Halmashauri nayo itume vijana na koleo wakakate hizi waya, ni kazi ya siku chache tu. Na kwa iliyochunwa juzijuzi bado kuna la kufanya, wakulima wa matunda wanachukua vijiti vya mti huohuo wanavipandikiza chini na juu ya jeraha ili sukari ipate pa kupita, kwa hiyo maafisa misitu wetu wapite waijaribu hiyo ambayo jeraha lake bado bichi, kabla halijakauka.

Mpenda miti,
Tanga